Nafasi Waliyoiacha Ng'ombe

Mahali penyewe pana urefu wa futi sita na inchi nne. Nimepapima mara tatu kwa futi ya chuma aliyoacha mume wangu ndani ya boksi la spana, na mara zote nimepata hesabu hiyo hiyo. Nilifundisha hesabu shule ya msingi mpaka nikastaafu, kwa hiyo najua kwamba ukipata jibu moja mara tatu, kosa haliko kwenye upimaji.

Ni katikati ya zizi letu la ng'ombe, ndani ndani huko nyuma ya Peramiho. Pande zote ardhi imevurugwa kwa kwato, na samadi inafika kwenye vifundo vya miguu. Hapo katikati ni udongo mtupu, mkavu, usio na alama ya ukwato hata mmoja. Ng'ombe kumi na tisa wanaingia humo kila jioni na kutoka kila asubuhi. Hakuna anayelala hapo na hakuna anayepakanyaga. Nimeona kwa macho yangu, na mimi si mtu wa kuona vitu ambavyo havipo.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiishia hapo mtasema nimechanganyikiwa, na tayari wapo majirani wa zamani kule mjini, Msamala, wanaosema hivyo.

Msamala ndiko tulikojenga tukiwa bado na ajira. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alizunguka nchi hii mpaka akaijua, na kila alikopita alikuwa akiangalia ng'ombe za watu. Mwezi niliostaafu aliniambia, "Mwalimu, tunahamia shamba. Tunakwenda kufuga." Aliniita Mwalimu hata chumbani. Nilidhani ni nguruwe, au kuku wa mayai kama wastaafu wengine wote. Akasema ni ng'ombe. Halafu akaongeza, "Na kondoo."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kwetu huku watu wanalima mahindi. Ukimkuta mtu ana mifugo ni nguruwe, kuku na mbuzi wawili watatu. Wangoni, yaani kabila la mume wangu, walikuja na ng'ombe zamani za mababu, lakini mbung'o na maradhi na vita viliwamaliza, ukoo wake ukabaki na masimulizi tu. Babu yake alimsimulia juu ya zizi ambalo babu mwenyewe hakuwahi kuliona. Na mimi ni Mmatengo wa milimani Mbinga, kwetu ni kahawa. Ng'ombe nilikuwa nawaogopa waziwazi.

Basi tukahama. Ng'ombe wa kwanza sita aliwanunua kwa Wasukuma walioshuka na mifugo yao upande wetu, akawaleta mwenyewe kwa lori la kuazima. Wanne walikufa msimu ule ule kwa mbung'o. Watu walikuja kutuangalia kama wanavyokwenda kuangalia ajali. Walisimama pembeni, wakatupa pole, wakaondoka wakitikisa vichwa. Yeye akafyeka kichaka chote cha kando ya kijito ambako wale inzi walijificha, akanunua pampu ya kunyunyizia dawa, akanunua ng'ombe wengine. Sijui mtu mwingine mbishi kama yeye, na nimezaliwa na Wamatengo.

Kondoo walikuwa wangu. Aliwatoa Njombe, saba, wakafika wakitetemeka ingawa huku kuna joto kuliko kwao. Jumapili moja watoto wa kipaimara waliletwa kutoka parokiani kuwaona, kwa kuwa walikuwa wameimba habari za kondoo maisha yao yote bila kumwona hata mmoja. Walivunjika moyo. Walitegemea weupe, wakakuta vitu vya kahawia vinavyonuka na kukimbia kila jani linapodondoka. Mtoto mmoja aliniuliza kama ndio hao hao wa Yesu. Nikamwambia ndio hao, na sasa unaona kazi aliyokuwa nayo.

Zizi la ng'ombe mume wangu alilijenga kwa kufuata maneno ya babu yake. Lilikuwa duara, lango likitazama mashariki, magogo yamesimamishwa karibu karibu bila msumari. Alipomaliza alinipa na mwiko wake: mke aliyeolewa katika ukoo hakatizi zizini. Nikamwuliza, "Ng'ombe umenunua kwa Msukuma. Na huu mwiko umenunua kwa nani?" Alicheka, lakini hakuufuta. Kizizi cha kondoo wangu kilikuwa upande wa pili, na njia fupi ilikuwa kupita katikati ya ng'ombe. Miaka tisa nilizunguka kwa nje, mvua na jua, na usiku wa kondoo kuzaa pia. Msidhani nilikuwa mnyenyekevu. Nilizunguka huku nanung'unika.

Kisha moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Asubuhi moja, ng'ombe wakiwa wametoka malishoni, aliniita langoni. Kwa mara ya kwanza akaniambia niingie. Nikaingia nikiwa nimekunja gauni. Alitembea taratibu mpaka katikati, akachora mstari ardhini kwa fimbo yake.

"Hapa," akasema. "Kichwa huku, miguu kule langoni. Babu zetu wenye ng'ombe walilazwa zizini. Mimi ndiye wa kwanza kuwa na ng'ombe tangu wao."

Nikamwambia asiseme hayo. Akasema anayasema ili nijue. "Siku ikifika, wewe ndiye utakayesema. Nikisema mimi leo, watasema ugonjwa umepanda kichwani."

Nikauliza, "Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi nitalazwa wapi?"

Alicheka kile kicheko chake cha dereva, cha kumaliza mazungumzo. "Wanawake hawalazwi zizini, Mwalimu. Wewe watakurudisha Mbinga, wakulaze kwenye kahawa."

Ulikuwa utani. Watani wa siku zote ndio tuliokuwa. Lakini uliniingia vibaya, na nilitoka mle zizini nimenuna. Tumeishi pamoja maisha yote, nimevuta ndama kwa mikono hii, nimezika kondoo, nimezunguka uzio miaka tisa, halafu mwisho wake yeye alale na ng'ombe zake na mimi nirudishwe kama sufuria la kuazima. Hata hivyo nilimwahidi. Nilisema, "Sawa, nitasema."

Alifariki hospitalini mwanzoni mwa kiangazi. Fundi wa jeneza aliniuliza urefu wake, nikamwambia futi sita kamili. Akaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao na kusema, "Naongeza inchi nne, mama, ili asibanwe."

Jioni ile ukoo ulikaa kikao. Aliyeongoza ni kaka yake mkubwa, shemeji yangu, katekista mstaafu, mtu wa maneno machache ambaye hata akikohoa unadhani anasali. Alisema kawaida ni kuzika kwenye makaburi ya wazazi wao, karibu na kigango, lile kanisa dogo la kijijini. Watu wakaitikia. Kisha akanigeukia mimi.

"Shemeji, una la kusema?"

Nikasema sina.

Alingoja. Akauliza tena, "Huna la kusema?" Nikatikisa kichwa. Walipokuwa wanainuka akaniuliza mara ya tatu, na mara ya tatu nikasema sina.

Nimejiambia sababu nyingi tangu siku ile. Kwamba nilimwogopa katekista, nikadhani ataona ni upagani. Kwamba mimi ni mgeni katika ukoo. Hizo ni sababu za kuwaambia watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado na hasira naye. Mtu amekufa, amelala mochwari, na mimi nilikuwa nimenuna. Nikaona, kama mimi sina mahali kwenye zizi lako, basi na wewe huna. Akazikwa kigangoni.

Wiki ya pili baada ya mazishi, mchunga wetu alikuja jikoni kabla ya chai. Ni Msukuma mtu mzima, amekaa na sisi tangu kundi la pili la ng'ombe lifike, na si mtu wa maneno. Alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake.

"Mama, naomba uje uangalie ng'ombe."

"Wanaumwa?"

"Hawaumwi."

Kulikuwa na ukungu ule wa asubuhi za baridi. Nilitazama kupitia magogo. Ng'ombe walikuwa wamelala, wote, migongo imelowa umande, wakicheua. Walijibana pembeni mpaka wengine walikuwa wameegemeana kama mabegi ndani ya basi. Katikati waliacha nafasi. Haikuwa ya duara. Ilikuwa nyembamba na ndefu, mwisho wake mmoja ukielekea langoni.

Nilijua palepale. Lakini nilimwambia mchunga, "Labda pana siafu."

Hapakuwa na siafu. Ng'ombe walipotoka niliingia mwenyewe na jembe, nikachimba kidogo: hakuna siafu, hakuna maji, hakuna jiwe wala kipande cha chupa. Nikarudisha udongo, nikausawazisha. Kesho yake hapakuwa na ukwato juu yake. Nikamwagia chumvi, ile ya mifugo ninayoinunua sokoni Lizaboni, ambayo ng'ombe wangu wanaweza kuvunja mlango kwa ajili yake. Walizunguka nafasi ile, wakanyoosha shingo na ndimi, wakalamba ya kando kando. Ya katikati ilibaki nyeupe siku tatu mpaka umande ukaiyeyusha.

Nikasema basi ni mazoea, huenda marehemu alikuwa akisimama hapo na wao wanakumbuka. Nilifurahia sana jibu hilo. Kisha mtamba wetu mmoja akazaa, ndama ambaye hakumjua mume wangu hata kwa harufu. Siku ya nne alikuwa anarukaruka zizini kama ndama wote. Alikuja mbio kuelekea katikati, akafika ukingoni, akasimama ghafla mpaka miguu ya mbele ikateleza. Akanusa. Akarudi kinyumenyume, jambo ambalo ndama hafanyi, akaenda kujificha chini ya mama yake.

Siku ile nilileta na kondoo. Niliwaswaga wote ndani ya zizi la ng'ombe, maana kondoo hana akili ya kuogopa kitu cha maana. Waliingia kwa kusukumana kama kawaida yao. Walipofika pale walijigawa, nusu kulia, nusu kushoto, wakakutana ng'ambo. Halafu wakageuka wote, wakasimama kimya wakiangalia ule udongo. Kondoo wangu sijawahi kuwasikia kimya. Niliogopa, nikaona aibu, mtu mzima kama mimi.

Ndipo nilipochukua futi ya chuma. Futi sita na inchi nne. Yale maneno ya fundi yalinirudia moja kwa moja, na nikakaa chini kwenye samadi na gauni langu safi.

Iliendelea hivyo kiangazi chote. Niliacha kula vizuri. Nilikuwa nikiamka kila asubuhi nikitumaini kukuta wamelala ovyo kama ng'ombe wa watu, na kila asubuhi nafasi ilikuwa pale, safi, kama kitanda kilichotandikwa kumngoja mtu. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Sikuona hasira pale, wala laana. Niliona wanangoja, na mimi ndiye niliyewafanya wangoje.

Mchunga akaja tena na kofia mkononi.

"Mama, nataka kurudi kwetu."

Nikamwuliza kama nimemkosea.

"Hujanikosea. Nimechunga tangu mdogo. Ng'ombe wakimpisha mtu njiani, namwona huyo mtu. Hawa wanampisha mtu simwoni." Akatazama chini. "Kama kuna jambo halijamalizika, mama, limalizeni. Mimi nitangoja mpaka mvua za kwanza."

Bila yeye mifugo ile ingekufa yote, na mimi nisingeweza kuendelea na kazi ambayo marehemu alichekwa kwa ajili yake miaka yote ile. Kesho yake nilikwenda kwa shemeji. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti."

Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: fimbo, mstari, ahadi, hasira yangu, chumvi, ndama, kondoo. Nilitegemea aniambie niende kuungama. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, akaliweka chini.

"Mimi pia alinionyesha," akasema.

Sikumwelewa.

"Alinileta zizini wiki moja kabla hajalazwa. Akachora kwa fimbo. Akasema, 'Mwalimu ndiye atakayesema, wewe utamuunga mkono tu.' Nikakuuliza mara ya kwanza. Nikakuuliza mara ya pili. Mara ya tatu nilikuwa karibu kukuomba."

"Kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Nimefundisha watu katekisimu maisha yangu yote. Ningeanzaje mimi kusema tumzike na ng'ombe?" Akajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mahindi. "Nilitaka itoke kwako, ili mimi nionekane nimekubali tu."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, kwa kuwa kosa lilikuwa moja na tulikuwa tumeligawana sawa. Yeye aliogopa kuonekana, na mimi nilinuna.

Kumfukua mtu ni jambo zito, na sote wawili hatukulitaka. Shemeji alisema tutachukua udongo, kama wanavyofanya watu ambao ndugu yao amezikwa mbali. Tulikwenda kigangoni saa nne asubuhi. Alichimba upande wa kichwani, kiasi cha beseni moja, nikaufunga kwa kanga yangu. Njia nzima niliupakata. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na ulikuwa na joto, ingawa asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Zizini tuliumwaga kuanzia kichwani mpaka miguuni, mchunga akitazama kutoka langoni. Shemeji alisali Baba Yetu na Salamu Maria. Mimi nilimwambia marehemu kwa sauti, mbele yao, kwamba nilikuwa na hasira na kwamba nimechelewa. Nililia vizuri, kilio ambacho siku ya mazishi kilinikatalia.

Jioni ng'ombe walirudi. Ng'ombe mkubwa kuliko wote, mmoja wa wale wawili waliopona mbung'o mwanzoni, alitangulia. Alikwenda moja kwa moja katikati, akashusha pua mpaka ikagusa udongo ule mpya, akapuliza vumbi. Akalia mara moja, sauti ndefu ya chini, na wengine wote wakaitikia mpaka kondoo ng'ambo nao wakaanza kelele. Kisha akalala. Hakulala juu yake. Alilala kando, ubavu wake ukigusa ukingo, na mchunga akavaa kofia yake akasema atabaki.

Nilidhani yamekwisha. Shemeji alilala kwetu siku ile kwa kuwa kulikuwa kumechelewa, na asubuhi tulikwenda pamoja kutazama. Ng'ombe walikuwa wameshatoka. Ukungu ulikuwa unapanda taratibu kutoka kijitoni. Kaburi la udongo lilikuwa pale, halijaguswa, jambo ambalo tulilitegemea.

Upande wake wa kushoto palikuwa na nafasi nyingine.

Shemeji alikuwa bado hajaiona. Macho yake ni ya kizee, na alikuwa anafanya ishara ya msalaba. Nilipita langoni, nikakatiza zizi zima bila kuzunguka, nikainama. Udongo mtupu, mkavu, hauna ukwato. Jana yake palikuwa na samadi hapo, nilikuwa nimeikanyaga mwenyewe wakati wa kumwaga udongo. Nikachukua futi ya chuma mfukoni mwa sweta nikaivuta.

Futi tano na inchi sita.

Mimi ni futi tano na inchi mbili. Fundi huongeza inchi nne.

Niliogopa, siwezi kusema uongo. Niliiachia ile futi, ikajifyatua na kurudi kwenye kasha lake. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, na nilipokitambua nilianza kucheka peke yangu katikati ya zizi, kicheko ambacho shemeji anadai kilimtisha kuliko chochote alichokwisha kuona. Nilikuwa nimeulizia mahali pangu, nikajibiwa kwa utani. Sasa nilikuwa nimejibiwa sawasawa.

Shemeji alinikaribia akishika magogo kwa mkono mmoja. Alitazama nilipokuwa natazama, akatazama futi mkononi mwangu, akafumbua mdomo.

Sikumngoja aniulize. Mchunga alikuwa langoni anasikia, na nilipaza sauti ili na yeye awe shahidi.

"Shemeji," nikasema, "nina la kusema."